Gari la Wagonjwa Lililostaafu: Je, Laweza Kuwa Nyumba ya Magurudumu?



Katika viwanja vya hospitali na zahanati nyingi za mashirika ya dini, si ajabu kukuta gari la wagonjwa la zamani limeegeshwa chini ya mwembe, matairi yameisha upepo na kuku wametaga ndani yake. Linapokaa hivyo mwaka hadi mwaka huwa halimsaidii mtu yeyote. Kamati huuliza: liuzwe kama chuma chakavu, liendelee kusubiri vipuri, au ligeuzwe kuwa kitu kingine? Marafiki zetu wa ng'ambo nao huuliza swali linalofanana na hilo, kwa kuwa huko kwao watu hununua magari ya wagonjwa yaliyostaafu na kuyafanya nyumba ndogo za kusafiria.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, faida yake, hatari zake na mahali ambapo inaweza kutufaa. Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na kwa kazi fulani ina manufaa makubwa. Hata hivyo, kinachoamua si bei ya kulipata gari. Kinachoamua ni hali ya chasisi, karatasi za gari, na idadi ya usiku ambazo watu watalala humo kwa mwaka.

KWA NINI GARI LA WAGONJWA?

Gari la wagonjwa limeundwa tangu mwanzo ili mtu mzima alale ndani yake akiwa amenyooka. Machela ina urefu wa karibu mita 1.9, na pembeni yake pana nafasi ya mhudumu kukaa. Aidha, gari hilo huwa na taa za ndani, nyaya za umeme zilizokwisha kupitishwa, makabati yaliyofungwa kwa bolti, sakafu inayooshwa kwa maji, na mara nyingi betri ya pili. Mtu anayeanza na gari tupu la mizigo hulazimika kununua vitu vyote hivyo.

Nchini Marekani magari hayo yamekuwa yakitengenezwa kwa masharti ya serikali kuu tangu mwaka 1974. Aina zake zinazojulikana ni tatu: gari la kichwa cha lori lenye boksi nyuma, gari la muundo wa basi dogo, na gari la basi dogo lililokatwa nyuma na kupandishiwa boksi. Katika yale yenye boksi, ambalo kwa kawaida huundwa kwa alumini, mtu wa kimo cha kawaida huweza kusimama wima. Boksi hilo ni imara kiasi kwamba huduma nyingi za Marekani hulitoa kwenye chasisi iliyochoka na kulipandisha kwenye chasisi mpya. Hili lina somo kwetu: bodi huishi muda mrefu kuliko chasisi na injini. Anayenunua gari lililostaafu hupata bodi nzima iliyokaa juu ya injini iliyofanya kazi ngumu. Ikumbukwe kwamba injini ya gari la wagonjwa huunguruma saa nyingi gari likiwa limesimama, na saa hizo hazionekani kwenye kipimo cha kilometa.

Huko Ulaya nako sheria ya Umoja wa Ulaya inaeleza wazi ni kitu gani kinachofanya gari liitwe nyumba ya kusafiria. Lazima liwe na mambo manne: viti na meza, mahali pa kulala, mahali pa kupikia, na mahali pa kuhifadhia vitu. Vitu hivyo viwe vimefungwa imara, isipokuwa meza, ambayo yaweza kutolewa kwa urahisi. Kitanda kinaruhusiwa kuwa kile kile kiti kinachokunjuliwa. Kwa kamati zetu hiki ni kipimo kizuri, kwa sababu kinaonyesha jinsi mahitaji ya lazima yalivyo machache.

Hapa kwetu gari linalopatikana zaidi ni Toyota Land Cruiser ya mlango wa nyuma, ile ambayo wengi huiita "mkonga". Nyingi zina injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na mitambo mingi ya kompyuta, hivyo fundi wa wilayani huweza kuitengeneza na vipuri vyake vinapatikana. Upungufu wake ni kwamba ndani yake mtu hawezi kusimama. Hutoa mahali pa watu wawili kulala na kuhifadhi vitu vyao, wakati mapishi na mazungumzo hufanyika nje chini ya turubai.

NI KWA KAZI GANI?

Watu wa Ulaya na Marekani hutumia magari haya kwa likizo, na wengine wameyafanya makazi ya kudumu kutokana na kodi za nyumba kuwa juu. Kwetu hitaji ni tofauti. Tuchukue huduma ya mkoba, ambapo muuguzi na mhudumu mwenzake hutoka kituoni kwenda kuchanja watoto na kupima wajawazito katika vijiji vya mbali vya wafugaji. Safari ya kwenda hula nusu siku na ya kurudi hula nusu nyingine. Muda unaobaki kwa akina mama waliosubiri tangu asubuhi ni mdogo. Timu ikiweza kulala huko huko, inaanza kazi mapema na kufika kijiji cha pili kesho yake bila kurudi makao makuu. Pale ambapo hakuna nyumba ya wageni, wahudumu hulala juu ya madawati ya shule au hulazimika kumwomba mwenyeji chumba, jambo ambalo si salama wala si la heshima, hasa kwa wauguzi wanawake.

Kazi nyingine zinazofanana na hiyo ni za afisa mifugo anayezunguka minadani, mafundi wa visima vya maji wanaokaa wiki moja eneo la kazi, na mwinjilisti mwenye mitaa iliyotawanyika. Wote hawa wanahitaji mahali pa kulala panapohama pamoja nao.

Kuna matumizi ambayo hatuyashauri. Mara nyingine mtu mwenye moyo mwema hupendekeza gari kuukuu lisimikwe kijijini liwe makazi ya mjane au familia maskini. Bati la gari huwaka moto mchana na hupoa sana usiku, halina choo, halina jiko, na haliwezi kuongezwa chumba watoto wakikua. Nyumba ya chumba kimoja ya tofali, hata ikiwa ndogo, itaishi muda mrefu zaidi na ina heshima zaidi. Gari lisilotembea si nyumba ya magurudumu. Ni chumba cha bati, na lihesabiwe hivyo.

KABLA YA YOTE: JE, LIMESTAAFU KWELI?

Gari la wagonjwa ambalo bado linaweza kutengenezwa kwa gharama ya kawaida libaki kuwa gari la wagonjwa. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao upanuzi wake nchi nzima ulizinduliwa mwaka 2022 na unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115, hutumia magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa jamii ili kuwafikisha kituoni akina mama na watoto wachanga. Gari moja likiondolewa katika huduma, mzigo wake huangukia madereva hao. Kwa hiyo kamati ipate kwanza maandishi ya mganga mfawidhi na ya fundi kwamba gari halifai tena kubeba wagonjwa. Sababu zinazokubalika ni kama vile uzee wa gari kwa safari za kasi usiku, au kituo kupata gari jingine.

HATUA YA KWANZA: KARATASI

Hatua hii ndiyo inayoangusha miradi mingi, kwa kuwa watu huikumbuka mwishoni. Magari mengi ya wagonjwa ya mashirika ya dini yaliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kitu kilichosamehewa ushuru kwa kusudi fulani kikitolewa au kuhamishwa kwa namna isiyolingana na kusudi hilo, ushuru waweza kudaiwa. Kugeuza gari la wagonjwa kuwa gari la malazi bila kuuliza ni kujiletea deni. Kamati iandike barua kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania ikieleza matumizi mapya, na isubiri jibu la maandishi kabla ya fundi kushika nyundo. Hali kadhalika mabadiliko ya rangi na bodi yaingizwe kwenye kadi ya gari, na kampuni ya bima ijulishwe matumizi mapya. Bima iliyokatwa kwa gari la wagonjwa yaweza kukataa kulipa gari likipata ajali likiwa na vitanda na jiko ndani yake.

Iwapo gari lilitolewa na mfadhili, mkataba wa msaada usomwe tena. Mingi husema kifaa kisibadilishwe matumizi bila ridhaa ya mtoaji.

HATUA YA PILI: KULIVUA UTAMBULISHO

King'ora na taa za rangi vitolewe kabisa, pamoja na nyaya na swichi zake, siyo kuzimwa tu. Maandishi ya "AMBULANCE" na alama zote zifutwe. Alama ya msalaba mwekundu inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na si pambo la gari la mtu yeyote.

Sababu kubwa zaidi ni ya kibinadamu. Familia yenye mama anayetokwa damu barabarani usiku ikiliona gari lenye alama za wagonjwa, italikimbilia na kuliamini. Ikikuta ndani kuna godoro na sufuria, dakika za thamani zitakuwa zimepotea, na pengine gari jingine limeachwa lipite. Gari lipakwe rangi nyingine, na kwa hali ya hewa yetu nyeupe upande wa paa ndiyo bora.

HATUA YA TATU: KUSAFISHA

Gari hili limebeba damu, matapishi na maradhi. Viti vya sponji, godoro la machela na zulia la sakafu vitolewe na kuteketezwa kwa utaratibu wa hospitali. Wanaofanya kazi hiyo wavae glavu nene na viatu vilivyofunika miguu. Sindano zilizodondoka hujificha nyuma ya makabati na chini ya reli ya machela, na mkono usipelekwe mahali ambapo jicho halioni.

Osheni kwanza kwa sabuni na maji. Kisha pakeni dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5. Kwa jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, kiasi hicho hupatikana kwa kuchanganya sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji. Someni nguvu iliyoandikwa kwenye chupa kabla ya kupima. Acheni dawa kwa dakika 10, halafu suuzeni kwa maji safi kwa sababu klorini hula chuma. Mitungi ya oksijeni irudishwe hospitali na mabomba yake yang'olewe. Oksijeni ikivuja mahali penye moto, cheche ndogo hugeuka kuwa moto mkubwa.

HATUA YA NNE: UKAGUZI WA FUNDI

Fundi asiye na masilahi katika mradi akague mambo yafuatayo na kuyaandika:

1. Chasisi na sehemu za chini ya sakafu. Kutu ya juu juu husuguliwa na kupakwa rangi. Kutu iliyotoboa chasisi ni mwisho wa mradi.

2. Injini na gia. Moshi mweusi au mweupe usiokwisha, mafuta kupungua na joto kupanda mlimani ni dalili za gharama kubwa.

3. Springi, breki na usukani. Gari litabeba uzito kwa muda mrefu kuliko lilivyozoea.

4. Matairi. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1218 lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2018. Tairi lililokaa juani miaka mingi hupasuka hata kama kashata zake ni nzima.

5. Mipira ya madirisha na milango. Maji yakiingia, mbao zote mtakazoweka zitaoza.

Fundi akishamaliza, kamati ipate makisio ya kulifanya gari liwe salama barabarani kabla ya kuwaza kitanda. Makisio hayo yakizidi uwezo, acheni hapo. Godoro jipya haliponyi chasisi iliyooza.

HATUA YA TANO: KULIFANYA NYUMBA

Kulala. Njia rahisi ni benchi mbili za mbao ngumu na plaiwudi, kila moja ikiwa na sanduku la kuhifadhia vitu chini yake. Katika gari jembamba ubao wa katikati huunganisha benchi hizo na kuwa kitanda kimoja kipana. Vitu vyote vifungwe kwenye bodi kwa bolti na nati, wala siyo kwa misumari, kwa maana gari likifunga breki ghafla sanduku lisilofungwa huruka na kumwumiza dereva. Ni marufuku mtu kulala kitandani gari likitembea. Abiria wakae kwenye viti vyenye mikanda tu.

Joto na hewa. Bati lililo juani hugeuka kuwa tanuru. Njia ya gharama nafuu ni kuweka paa la pili: turubai au bati jepesi lililoinuliwa juu ya paa la gari ili hewa ipite katikati. Ndani, nafasi iliyo kati ya bati na silingibodi ijazwe sponji ngumu au pamba ya kioo. Madirisha mawili yanayotazamana yawekewe wavu wa mbu na yaweze kufunguka mvua ikinyesha. Wavu huo hauondoi haja ya chandarua.

Kupika. Kila mpishi na dereva asisitiziwe jambo hili: jiko la mkaa halitumiki ndani ya gari hata kidogo, wala kwa kupasha joto wakati wa baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini, na gari lililofungwa ni dogo kuliko chumba chochote. Ni vivyo hivyo kwa injini inayounguruma watu wakiwa wamelala. Mapishi yawe nje. Mtungi mdogo wa gesi ukisafirishwa uwekwe kwenye sanduku lake lenye tundu la chini linalotoka nje, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Kizima moto kining'inie karibu na mlango.

Maji. Madumu matatu ya lita 20 yanatosha watu watatu kwa siku mbili kama wanatumia kwa uangalifu. Kumbukeni kwamba lita moja ni kilo moja. Maji, vitanda, vyakula, chanjo na watu kwa pamoja visizidi uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Nchini Ujerumani jambo hili lina uzito wa kisheria pia, kwani leseni ya kawaida ya daraja B huishia kwenye gari la kilo 3,500.

Choo. Hakuna nafasi ya choo katika Land Cruiser. Kamati ikubaliane na shule, zahanati au usharika wa kijijini juu ya choo na sehemu ya kuogea kabla ya timu kufika.

UMEME: HESABU NDOGO

Betri ya kuwashia injini iachwe kwa kazi yake. Betri ya pili ndiyo iwe ya nyumba, na swichi au kifaa cha kutenganisha betri kiwekwe katikati ili taa za usiku zisilizuie gari kuwaka asubuhi.

Tuchukue mahitaji ya usiku mmoja. Taa 4 za LED za wati 5 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 100. Simu 4 zikichajiwa hutumia kama wati-saa 60. Feni ndogo ya wati 15 kwa saa 8 hutumia 120. Jumla ni wati-saa 280. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ya kawaida isishushwe chini ya nusu, hivyo zinazotumika ni 600. Paneli moja ya sola ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 500, na baada ya upotevu hubaki kama 350. Kwa hiyo paneli moja na betri moja zinatosha. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, kwa sababu nyaya za zamani zilizochubuka ni chanzo cha moto.

Chanjo hazihesabiwi humu. Nyingi huhitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na zibaki kwenye sanduku lake baridi kwa utaratibu wa kituo cha afya, wala zisichanganywe na maziwa au soda za timu.

GHARAMA: HESABU KWA USIKU

Gari lililokwisha kuwepo uwanjani huonekana ni la bure. Lakini wahenga walisema rahisi ghali. Tuonyeshe kwa mfano wa kujifunzia, ambao tarakimu zake si bei za soko. Kila kamati iweke bei za mahali pake.

Tuseme kulitengeneza na kulikarabati gari kumegharimu shilingi 12,000,000, na litafanya kazi miaka 5. Hiyo ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Bima, matairi, matengenezo na akiba ya dharura ziwe shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Jumla ni 6,000,000. Mafuta hatuyaingizi, kwa vile timu ingesafiri hata bila kitanda.

Gari likitumika usiku 20 kwa mwaka, kila usiku umegharimu shilingi 300,000. Kwa fedha hiyo wahudumu wangelala hoteli ya mjini. Likitumika usiku 120 kwa mwaka, kila usiku umegharimu shilingi 50,000, yaani 25,000 kwa kila mmoja wa watu wawili wanaolala ndani. Gari ni lile lile, fundi ni yule yule, na tofauti yote imeletwa na ratiba. Kwa hiyo kamati isiyo na ratiba ya safari za mwaka mzima bado haina mradi, hata kama ina gari.

Mafuta nayo yasisahauliwe katika bajeti ya huduma yenyewe. Land Cruiser ya dizeli hutumia kama lita 12 hadi 15 kwa kilometa 100, na zaidi kwenye matope. Mzunguko wa kilometa 300 unahitaji lita 36 hadi 45.

NENO KWA WAFADHILI

Marafiki wa Ulaya na Marekani wanaotaka kununua gari la wagonjwa lililostaafu kwao na kulituma kwetu tunawashukuru kwa nia hiyo, lakini tunaomba wapime mambo matatu. La kwanza, usukani wa magari yao mengi uko kushoto, nasi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. La pili, injini zao za karibuni zina mitambo ya kompyuta na nyingine huhitaji kimiminika maalumu cha kusafisha moshi, vitu ambavyo fundi wa kijijini hana. La tatu, umri. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, Uganda tangu mwaka 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Nauli ya meli na ushuru huo mara nyingi vingetosha kulifufua gari lililopo hapa.

Msaada unaofaa zaidi ni ule usiopigwa picha: matairi, bima ya miaka mitatu, au mshahara wa dereva. Mradi wa namna hii haufi siku ya uzinduzi. Hufa mwaka wa pili, tairi la nne linapopasuka na hakuna kifungu cha kulinunua.

MASWALI KWA KAMATI

Kabla ya kuleta andiko la mradi, kamati ijibu kwa maandishi:

1. Je, mganga mfawidhi na fundi wamethibitisha kwamba gari halifai tena kwa wagonjwa?

2. Je, tuna jibu la maandishi kuhusu kodi, kadi ya gari na bima?

3. Je, chasisi ni nzima?

4. Ni nani hasa watakaolala ndani, na je, mpangilio unawapa wanawake usiri na kufuli la ndani? Dereva atalala wapi?

5. Ni usiku mangapi kwa mwaka, katika vijiji vipi, kwa ratiba ipi?

6. Je, gharama kwa usiku ni ndogo kuliko nyumba ya wageni, au kuliko kujenga chumba kimoja katika kila kituo?

7. Nani anashika funguo, na nani anaandika daftari la safari?

8. Fedha za mwaka wa pili na wa tatu zitatoka wapi?

Swali la sita lijibiwe kwa uaminifu. Ikiwa timu hulala katika vijiji viwili tu, mwezi hadi mwezi, basi vyumba viwili vya tofali vyenye mlango mzuri na choo ni bora kuliko gari, na wanakijiji wenyewe wanaweza kuchangia mawe, mchanga na nguvu kazi. Ikiwa vituo ni kumi na viwili na wafugaji wenyewe huhama kwa kufuata malisho, hakuna chumba cha tofali kitakachowafuata. Hapo ndipo gari lile lililokuwa likitagiwa na kuku linaweza kufanya kazi tena, likimfikisha muuguzi jioni na kumwamsha asubuhi mahali pale pale ambapo akina mama na watoto wao wanamsubiri.